Barua kwa Mwalimu Wako

Nawasalimu ninyi wa Talatala, na ninyi wa vijiji vingine vya Kyela mpaka Matema, mlioketi karibu na redio na karatasi hii mikononi. Ndaga!

Neno hilo, ndaga, hamna haja ya kufundishwa. Mnyakyusa hulitumia akimwamkia mtu, na hulitumia pia akishukuru. Akitaka kushukuru sana husema "ndaga fijo". Twalisema kila siku, kwa aliyetupokea mzigo na kwa aliyetukaribisha chakula. Lakini nakuuliza wewe msomaji: yule aliyekufundisha kushika kalamu, umekwisha kumwambia? Wengi wetu hatujamwambia. Si kwa ubaya. Twafikiri anajua. Mwalimu hajui. Watu wengi walipita mbele ya ubao wake, wakaenda zao, na wengine akasikia tu kwamba wako Mbeya au Dar es Salaam. Leo tutajifunza namna ya kumwandikia.

Kwanza, mwalimu ni nani? Wengi wakisikia neno hilo huona ubao na chaki. Lakini nenda Matema siku ya soko, utazame vyungu vya Wakisi. Wanawake wa Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, huvifinyanga, navyo huletwa sokoni kwa mtumbwi. Hapana shule ya vyungu. Msichana hukaa karibu na mama yake au bibi yake, akajua udongo gani unafaa na upi utapasuka motoni. Yule bibi ni mwalimu. Na mtu aliyekuonyesha wewe ni shamba lipi la mpunga humezwa na maji mto unapofurika, naye ni mwalimu.

Katika nchi yetu neno hili lina heshima ya pekee. Julius Nyerere alikuwa Rais tangu mwaka 1962 hata mwaka 1985, lakini watu walipenda kumwita Mwalimu. Jina hilo alilipata kwa kazi. Alifundisha katika shule ya St. Mary's huko Tabora, na baadaye Pugu, karibu na Dar es Salaam, mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi ya shule kwa ajili ya siasa. Alifariki mwaka 1999, na bado twamwita hivyo. Naye alikuwa na mwalimu wake. Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na mmoja wa waliomfundisha huko aliitwa James Irenge. Jina la mwanafunzi lajulikana dunia nzima. Jina la mwalimu wachache walijua.

Tazama sasa kisomo chenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, wapatao 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Serikali ikautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu ya serikali, waliobaki hawajui walikuwa karibu 10 katika 100. Nani alifanya kazi hiyo? Redio ilisaidia, sikatai. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza masomo ya "Mtu ni Afya". Lakini redio haiwezi kukushika mkono. Aliyewashika watu mkono ni mwalimu wa shule ya msingi, aliyefundisha watoto tangu asubuhi, kisha akabaki na wazee mpaka jioni. Ni kijana aliyemaliza darasa la saba, akapewa shilingi 30 kwa mwezi. Miaka iliyofuata madarasa mengi yalifungwa, na sensa ya mwaka 2012 ilikuta tena kwamba watu wazima wapatao 22 katika 100 hawajui kusoma. Kwa hiyo huyo anayekuja darasani kwenu leo, na chaki mfukoni, msimzoee mno.

Sasa nitawaambia kosa langu, ili ninyi msilifanye.

Mimi nilipopata kazi mjini nilimwandikia mwalimu wangu wa darasa la nne. Nilijaza kurasa mbili. Nilimwita taa, nikamwita nguzo, nikamwita chemchemi. Niliona nimeandika vizuri sana. Baada ya mwezi mmoja barua yangu ilirudi. Mzee alikuwa amesahihisha makosa yangu kwa wino mwekundu, akanipa alama 6 katika 10. Chini kabisa aliandika, "Asante kwa jambo gani?"

Nilikasirika. Kisha niliona haya. Siku tatu sikuwa na jibu, maana nilikuwa nimeshukuru bila kukumbuka kitu. Siku ya nne nilikumbuka. Mwaka ule mvua za masika zilikuwa kubwa na mpunga wetu ulizama. Baba alisema sitarudi shuleni, nibaki nyumbani na ng'ombe. Jioni moja mwalimu alikuja akivuka maji, suruali ameikunja, viatu mkononi. Hakusema lolote juu ya shule. Alimsaidia baba kupandisha magunia darini, gunia kwa gunia, mpaka giza likaingia. Alipoaga alisema, "Baba, kesho twaanza hesabu za kugawanya. Kijana asikose." Baba hakubisha. Mtu aliyekubebea magunia utambishiaje?

Hayo niliyaandika, ukurasa mmoja tu. Barua hiyo hakuirudisha.

Basi yafaa barua ya shukrani iwe na mambo machache. Juu, upande wa kulia, andika mahali ulipo na tarehe. Kisha mwamkie. Kisha mwambie wewe ni nani, kwa kuwa huenda amekusahau. Usiandike jina tu, taja na ulipokuwa ukikaa: karibu na mlango, au nyuma pamoja na mtoto mgongoni. Kisha taja jambo moja alilokufundisha. Moja latosha. Halafu, na hapa ndipo wengi hupasahau, mwambie jambo hilo limekufanyia nini mpaka leo. Kisha mwage.

Tuseme mama mmoja wa Talatala anauza kakao. Barua yake yaweza kuwa hivi:

"Mwanangu Mwalimu, shikamoo ya mwanafunzi uipokee, ingawa nimekuzidi umri. Mimi ni yule niliyekuwa nikikaa karibu na dirisha, niliyekuwa nikiandika namba kinyume. Ulinifundisha kwamba 34 na 43 si namba moja. Ulinirudisha ubaoni mara nyingi, wala hukunicheka. Msimu uliopita mnunuzi alipima kakao yangu akaandika kilo 34. Nilitazama mzani mwenyewe, ukasema 43. Nikamwambia, Bwana, soma tena. Akafuta, akaandika 43. Fedha ile nilimnunulia mjukuu wangu sare ya shule. Ndaga fijo. Mimi mwanafunzi wako."

Umeona? Hamna taa wala nguzo. Mzani upo, na namba mbili.

Huyu mama amemwita mwalimu "mwanangu". Najua jambo hili huwatia wengine haya. Darasani mwalimu aweza kuwa kijana mdogo kuliko mtoto wako wa tatu, na wewe mzee wa watu huoni kwamba yafaa umshukuru kwa kuandika. Umri wako haupungui kwa hilo. Mwite "mwanangu" na mwite "mwalimu" katika mstari mmoja, yote mawili ni kweli. Na kama ulizoea kumpa debe la mpunga wakati wa mavuno, mpe, lakini tia na barua ndani. Mpunga huliwa ukaisha.

Wengine watauliza habari za mwalimu mkali. Wako waliofundishwa kwa fimbo, na alama wanazo. Mimi sitamwambia mtu yeyote ashukuru kwa kupigwa. Kama mtu yule alikupa jambo moja jema, waweza kumshukuru kwa hilo tu, na mengine usiyataje. Kama hukuona jema lolote, mwandikie mwingine.

Na kama amekwisha kufariki? Waandikie watoto wake. Mara nyingi watoto wa mwalimu hawajui baba yao au mama yao alifanya nini darasani. Walimwona akirudi nyumbani amechoka.

(Hapa kiongozi wa kikundi azime redio kwa dakika kumi. Kila mtu aandike jina la mwalimu mmoja na jambo moja alilofundishwa. Asiyeweza bado kuandika sentensi aandike jina, na jirani amsaidie kwa mengine.)

Kazi ya wiki hii ni kuimaliza barua nyumbani na kuipeleka. Mwenye simu aweza kutuma ujumbe, si vibaya, ila karatasi huwekwa sandukuni. Msiogope makosa. Mwalimu akiirudisha na wino mwekundu, ileteni darasani tuisome.

Wiki ijayo, siku na saa ileile, tutajifunza kusoma stakabadhi. Kila mmoja aje na stakabadhi moja ya dukani, au ya mpunga, au ya kakao. Kwaherini.