Mama wa arabika yumo katika misitu ya mipakani

KAMPALA. Katika maghala ya Bugolobi, magunia ya arabika ya Mlima Elgon na ya robusta ya Masaka hupangwa mbalimbali, kila moja na bei yake. Kumbe kwa ukoo, ni mtoto na mzazi.

Arabika ni chotara. Baba yake ni robusta, mbuni wa asili wa misitu ya Uganda na Kongo. Mama hajulikani sana sokoni. Anaitwa Coffea eugenioides, mbuni wa mwituni wenye punje ndogo na kafeini kidogo, unaoota kwenye miinuko ya Uganda, magharibi mwa Kenya na Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo.

Ushahidi umo ndani ya majani. Kloroplasti, vichembe vya kijani vinavyoupikia mmea chakula kwa mwanga wa jua, vina vinasaba vyake, na katika kahawa hurithiwa kutoka kwa mama. Watafiti walipovilinganisha miaka ya 1990, vya arabika vilikaribiana na vya eugenioides, si vya robusta. Mwaka 2007 vinasaba vyote vya kloroplasti ya arabika vilisomwa: herufi 155,189. Utafiti wa 2024 ulikadiria kuwa arabika ilizaliwa kati ya miaka 610,000 na 350,000 iliyopita.

Kwa mfanyabiashara, nasaba hii ni mali. Mibuni ya arabika inafanana mno kwa vinasaba, hivyo kutu ya majani au chulebuni ikiingia, huenea upesi. Kinga hutafutwa kwa ndugu. Ruiru 11 ya Kenya, inayostahimili magonjwa hayo mawili, ina damu ya chotara wa arabika na robusta aliyepatikana kisiwani Timor, na ya arabika ya mwituni kutoka uwanda wa Boma, Sudan Kusini.

Wengine wameshaiona thamani ya mama huyo. Mwaka 2021 Diego Campos wa Colombia alitwaa ubingwa wa dunia wa waandaaji wa kahawa mjini Milan kwa eugenioides iliyolimwa Colombia. Punje zake huuzwa ghali kuliko arabika ya kawaida.

Mti wenyewe asili yake ni huku, katika misitu inayofyekwa kwa mashamba na mkaa pande zote za mipaka. Ukiisha, mbegu yake itabidi iagizwe kutoka ng'ambo.