Panga: mtaji mdogo, kazi nyingi

Mwenye duka la vifaa anayetafuta bidhaa isiyolala rafuni asilidharau panga. Jembe husubiri mvua. Panga halina msimu. Mkulima hufyekea shamba, kina mama huchanjia kuni, muuza madafu hukatia madafu, na fundi huchongea nguzo za uzio. Ndiyo maana kiwanda cha Ubungo Farm Implements (UFI), Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitengeneza mapanga pamoja na majembe.

Kwa mnunuzi wa jumla, hatari ni chuma kibovu. Kabla ya kulipa, alipinde kidogo panga moja. Likinyooka lenyewe, chuma ni kizuri. Likibaki limepinda, aliache hata kwa bei ya kutupa. Akague pia kama chuma kimefika mwisho wa mpini na kubanwa kwa ribiti.

Faida ya panga moja ni ndogo. Fedha iko kwa mteja anayerudi, kwani mwenye panga atahitaji tupa ya kunolea mara kwa mara. Muuza panga bovu hupoteza mauzo yote mawili.