Unauza kitabu chako kwa WhatsApp? Jua kwanza kipi ni chako kisheria

Siku hizi mtu anaweza kukaa Nachingwea, akaandika kitabu chote kwa simu, akakigeuza PDF na kuanza kukiuza kwenye magrupu ya WhatsApp siku hiyo hiyo. Mnunuzi anatuma hela kwa simu, anatumiwa faili, biashara imeisha.

Shida ni kwamba faili hilo hilo linaweza kuwa limefika Ruangwa, Masasi na Mtwara bure kabla hakujapambazuka.

Kwa hiyo kabla ya kupanga bei, mwandishi anatakiwa kujua mambo mawili: sheria inamlinda vipi, na ndani ya kitabu chake kuna nini ambacho si mali yake.

Haki inaanza ukishaandika

Tanzania Bara inatumia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999. Kwa sheria hiyo, kazi inalindwa tangu inapoandikwa. Haisubiri muhuri, cheti wala kuchapishwa.

Mwandishi ndiye anayeamua nani anakili, auze, atafsiri au asambaze kazi yake. Ana haki pia ya jina lake kutajwa kwenye kazi hiyo. Ulinzi unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo hata warithi wana chao.

Nje ya nchi je? Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na nchi wanachama zinalinda kazi za waandishi wa nchi nyingine wanachama. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA.

Sasa usajili wa COSOTA ni wa nini?

Ni ushahidi. Watu wawili wakidai kitabu kimoja, swali la kwanza ni nani alikuwa nacho mapema. Kazi iliyosajiliwa COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ina kumbukumbu rasmi ya kuonyesha.

Hata ukisajili, usifute rasimu za mwanzo. Jitumie mswada kwa barua pepe kila unapomaliza sura, ili tarehe zibaki.

Historia si ya mtu, maneno ni ya mtu

Chukua mfano wa mwalimu anayeandika historia ya Nachingwea. Atagusa Mradi wa Karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Ataandika pia kuhusu kambi ambako wapiganaji wa FRELIMO walifanya mazoezi wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji.

Matukio hayo hayana mwenyewe. Yeyote anaruhusiwa kuyaandika, hata kama yupo aliyemtangulia. Kinacholindwa ni namna mtu mwingine alivyoyaeleza. Kunakili kurasa za kitabu chake na kubadilisha maneno mawili matatu ni kosa.

Kunukuu kifupi kunaruhusiwa, mradi kusizidi kiasi kinachohitajika na utaje mwandishi na kitabu.

Picha ndizo zinazoponza wengi

Picha iliyopatikana kwa kutafuta Google si ya bure. Ina mpigaji wake, na kwa kawaida hakimiliki ni yake, si ya aliyepigwa. Hata picha ya babu yako iliyopigwa studio zamani inaweza kuwa na haki ya mtu mwingine.

Njia salama ni kupiga picha mwenyewe, kuomba ruhusa kwa maandishi, au kutumia picha ambazo wenyewe wameruhusu zitumike kibiashara.

Jalada nalo hivyo hivyo. Kumlipa kijana wa steshenari akutengenezee jalada hakumaanishi haki zote zimehamia kwako. Andikianeni hata nusu ukurasa: kazi ni ipi, amelipwa kiasi gani, na ameruhusu itumike wapi.

Simulizi za wazee

Ukimrekodi mzee akisimulia maisha yake, muombe ridhaa kabla ya kuchapisha, na mweleze wazi kuwa kitabu kitauzwa. Jambo la siri au la kumvunjia mtu heshima linaweza kukufikisha mahakamani hata kama umeliandika kwa mkono wako mwenyewe.

Ngano, nyimbo na hadithi za jadi, kwa mfano za Wamwera, zina sehemu yake kwenye sheria ya 1999. Kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila kunaweza kuhitaji idhini. Kama kitabu chako ni mkusanyiko wa ngano, waulize COSOTA kwanza.

ISBN si hakimiliki

ISBN ni namba ya kukitambulisha kitabu sokoni. Haisemi nani anakimiliki. Hapa nchini inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kitabu cha karatasi na cha kidijitali kila kimoja kinatakiwa kiwe na namba yake.

Ukienda Amazon, soma masharti

Amazon hailazimishi ISBN kwa kitabu cha kidijitali. Ila ina mpango unaoitwa KDP Select: ukijiunga, kwa siku 90 kitabu hicho hakitakiwi kuuzwa wala kugawiwa kidijitali mahali pengine. Ukiendelea kuuza PDF yake kwa WhatsApp, umevunja mkataba.

Kuna na kodi. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mrabaha wa mauzo ya huko unaweza kukatwa asilimia 30. Hapa nyumbani pia, mauzo ya kitabu ni mapato, na TRA inayahesabu.

Wakishakiiba ufanye nini?

Usianze kwa matusi kwenye grupu. Piga skrinishoti zinazoonyesha jina la grupu, namba na tarehe. Mwombe admini aifute, kisha ripoti kwa mtandao husika. Ikishindikana, peleka ushahidi COSOTA au polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, inagusa wanaotumia kompyuta au simu kukiuka haki za namna hii, wawe wanauza au wanagawa bure.

Sheria haiwezi kuzuia kila anayeforwadi. Unachoweza ni kumfanya afikirie mara mbili: andika jina na namba ya mnunuzi kwenye kila nakala kabla ya kumtumia. Watu wengi husita kusambaza faili lenye jina lao.

Na ukurasa wa pili wa kitabu usiuache mtupu. Weka alama ya ©, jina lako, mwaka, maneno "Haki zote zimehifadhiwa", na namba ya simu ya kuomba ruhusa. Haki unayo hata bila ukurasa huo, lakini baada ya hapo hakuna atakayesema hakujua kitabu ni cha nani.