Kompyuta ya Gemu kwa Fedha za Wastani: Shilingi Itangulie Wapi?

Ombi hili limekwisha kuzoeleka majumbani mwetu: kijana amemaliza mitihani, ana akiba yake ndogo, na anataka mama amwongezee apate kuunda kompyuta ya kuchezea gemu. Mkononi ana orodha iliyojaa herufi na tarakimu. Mzazi asiyeielewa hujikuta ama amekataa bila ya kutoa sababu, ama ametoa fedha za chama huku amefumba macho. Tumeandika makala haya ili mama aingie dukani akijua la kuuliza, kwani fedha nyingi hupotea mahali pawili tu: penye kitu king'aacho kisichohitajika, na penye kitu kisichoonekana kilichonunuliwa kwa bei rahisi mno.

Kabla ya kutaja sehemu yoyote, kijana aulizwe anataka kucheza gemu gani. Jibu lake ndilo linalopanga bei. Watengenezaji wa soka ya EA Sports FC 24, kwa mfano, wametaja kiwango cha chini kuwa RAM ya GB 8, kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti au iliyo sawa nayo, na nafasi ya GB 100 katika diski. Valorant huridhika na kadi dhaifu kuliko hiyo. Skrini ya kawaida, yenye nukta 1920 kwa 1080, yatosha kabisa. Skrini ya 4K ina nukta mara nne ya hizo, na kadi italazimika kuzichora zote. Tukiwa hapo hapo, mama atazame pia alama ya umri ya PEGI: FC 24 ina 3, ilhali Grand Theft Auto V ina 18. Hilo ni la kuamuliwa kabla ya fedha kutoka.

Ndani ya kasha, sehemu mbili ndizo zinazoubeba mchezo. Prosesa huamua mpira umeelekea wapi na mlinda lango ameruka upande gani. Kadi ya grafiki huyachora yote hayo, nyasi, jezi na umati wa mashabiki, na huyachora upya mara sitini kwa sekunde moja ikiwa ina nguvu za kutosha. Kwa hiyo katika kila shilingi kumi, sisi tungetenga tatu hadi nne kwa kadi, na prosesa tungeipa mbili. Vijana wengi hupindua hesabu hii. Hununua prosesa ya i7 ili jina lisikike, kisha hubakiwa na kadi isiyoweza kuchora hata nyavu za goli.

Familia nyingi zitaanzia kwenye kompyuta za mtumba zilizotoka katika maofisi ya ng'ambo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, na kuongeza kadi ndani yake ni njia rahisi kuliko kununua kila kitu kipya. Lakini zina mitego. Nyingine ni nyembamba, na kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Hutakiwa kadi fupi iliyotengenezwa kwa kasha la namna hiyo. Aidha, visanduku vyake vya umeme, ambavyo mafundi huviita pawa saplai, ni vidogo, na mara nyingi havina waya wa kulisha kadi. Kadi basi hutegemea umeme wa soketi yake katika ubao mama pekee, nao hauzidi wati 75. GTX 1050 Ti iliyotoka 2016 na GTX 1650 ya 2019 huweza kuishi ndani ya kipimo hicho, ingawa baadhi ya GTX 1650 zimetengenezwa na tundu la waya wa ziada, kwa hiyo kila kadi itazamwe ubavuni kabla ya kulipiwa. RX 6400 hutumia wati 53 tu, na kwa hesabu hiyo huonekana kuwa ndiyo bora. Kwa bahati mbaya ina njia nne tu za kupitishia data, na ikitiwa katika mashine hizi za zamani hupungukiwa na kasi.

Mtego mwingine ni umri wa prosesa. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Kuitambua si kazi. Katika i5-6500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha sita. Katika i5-8500 ni cha nane. Tena i5 za kizazi cha nane zina viini sita, ambapo zile za saba zilikuwa na vinne. Muuzaji akisema "ni i5, mama, ni nzuri," aulizwe: i5 ya ngapi?

Anayetaka sehemu mpya anaweza kuanza bila ya kadi kabisa. Prosesa ya Ryzen 5 5600G, iliyotoka 2021, ina uwezo wa kuchora ndani yake, na gemu nyepesi zitachezeka mpaka akiba ya kadi itimie. Kwa kuwa huazima RAM kwa ajili ya uchoraji, ni bora vipande viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha GB 16: viwili hufanya kazi sambamba, na tofauti huonekana kwenye skrini. Lakini ikiwa kadi inanunuliwa siku hiyo hiyo, ichukuliwe Ryzen 5 5600 isiyo na G, maana ina akiba ya ndani ya MB 32 dhidi ya 16, na gemu hufaidika nayo. Diski iwe SSD, ya GB 500 hivi. Taa za rangi ni pambo.

Tunafika kwenye kile kisanduku cha umeme, na hapa tunamsihi mama asikubali kupunguziwa bei. Visanduku visivyo na jina, vile vinavyouzwa pamoja na kasha, huandikwa wati 500 na huenda visitoe nusu yake kwa utulivu. Kikiungua vibaya, chaweza kuondoka na ubao mama pamoja na kadi. Kinunuliwe cha kampuni inayojulikana, chenye alama ya 80 PLUS na dhamana iliyoandikwa. Wati 500 za kweli zatosha kwa kompyuta ya kiasi hiki. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ni adui mwingine, hivyo UPS ihesabiwe katika bajeti tangu mwanzo. UPS ya 650VA kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400: yatosha kuzima mashine kwa utaratibu.

Sisi wa mwambao tuna hewa ya chumvi pia. Kompyuta isiwekwe chini ya dirisha lililoelekea bahari wala sakafuni penye mchanga. Kasha liwe na chujio la vumbi na feni mbili, moja ya kuingiza hewa na moja ya kuitoa. Mashine ya mtumba ifunguliwe, ipulizwe vumbi, na pesti iliyokauka juu ya prosesa ibadilishwe.

Kadi za mtumba zinahitaji macho makali zaidi. Zipo zilizofanyishwa kazi usiku na mchana katika uchimbaji wa sarafu za kidijitali, na zipo za kughushi: kadi kongwe ya GTS 450 huandikwa upya ndani yake ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huwa na uwezo wa kuifichua hila hiyo. Kijana aende nayo katika kijidiski cha USB, aiendeshe mbele ya muuzaji, kisha aache gemu icheze nusu saa. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo aachwe na kadi yake. Risiti iandikwe namba ya kila sehemu, si "kompyuta moja" tu.

Na ikiwa mashine imenunuliwa Luthuli Avenue, Nairobi, na itateremka Mombasa kwa basi, kadi ichomolewe na kufungwa peke yake, kwani uzito wake waweza kuivunja soketi njiani.