Ritifaa ya Ring'wani na bohari ya data

Msomaji wetu wa Machochwe, wilayani Serengeti, ametuletea swali nililolisoma kwa furaha. Ametengeneza tovuti ndogo kwa lugha ya Python na fremuweki ya Flask, ya kuandikia mashamba yaliyovamiwa na tembo: tarehe, kata, zao, ekari zilizoharibiwa. Kwa watu wanaolima jirani na hifadhi, kumbukumbu za namna hiyo zina thamani kubwa. Tovuti inapokea taarifa za Machochwe, Natta, Ikoma na Kisangura bila taabu. Akiandika Ring'wani au Rung'abure, inaanguka. Alipourekebisha ukurasa wa kuingizia taarifa, ukaanguka wa ripoti. Mtaalamu mmoja akamshauri atenganishe kanzidata na fremuweki, naye anauliza: ushauri huo na Ring'wani vinahusiana vipi?

Vinahusiana sana. Kanzidata ni nini, na Flask inazungumzaje na kivinjari, tuyaache. Mafunzo yake ni mengi. Tuanze na ritifaa, ile alama iliyo katikati ya jina Ring'wani.

SQL, lugha ambayo chimbuko lake ni kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce katika kampuni ya IBM mwaka 1974, hufunga maneno ya kawaida kwa ritifaa. Ukitaka kuhifadhi Natta unaandika 'Natta': ritifaa ya kwanza inafungua, ya pili inafunga. Sasa iweke kata nyingine kwa mtindo uleule: 'Ring'wani'. Kanzidata inasoma ritifaa ya kwanza na kujua kwamba neno limeanza. Inasoma R, i, n, g. Inakuta ritifaa, basi kwake neno limekwisha. Mbele yake zimebaki herufi nne, wani, zikiwa nje ya neno, nayo inajaribu kuzisoma kama sehemu ya amri. Katika SQL hakuna amri iitwayo wani. Sentensi nzima inakataliwa, na mkulima aliyeshika simu anaona ukurasa wa makosa. Kiswahili na lugha za Mara zimejaa sauti ya ng', kwa hiyo sisi tunakutana na tatizo siku ileile tunapoandika ng'ombe.

Mwenye nia mbaya anaweza kuutumia mlango huohuo. Baada ya ritifaa badala ya wani anaandika amri halisi, tuseme ya kufuta jedwali, na kanzidata inaweza kuitii. Mbinu hiyo ilielezwa hadharani na Jeff Forristal katika jarida la Phrack mwaka 1998, na hadi leo tovuti zinavunjwa kwayo.

Dawa yake inanifurahisha kila ninapoieleza. Badala ya kuunga neno la mtumiaji ndani ya sentensi, unaipelekea kanzidata sentensi yenye pengo: ingiza kwenye jedwali la uharibifu, kata ni alama ya kuuliza. Kanzidata inaisoma sentensi ikiwa na pengo lake, inaichambua. Uchambuzi unafungwa. Ndipo Ring'wani anapofika, peke yake, kwa safari ya pili, na kuwekwa kwenye pengo. Wakati huo hakuna tena anayetafuta amri. Ritifaa iliyomo ndani ya jina ni herufi kama herufi nyingine, na hata mtu akiandika shairi zima la amri za kufuta, litahifadhiwa lilivyo kama jina la kata ya ajabu. PostgreSQL imezitenga hatua hizi waziwazi katika mawasiliano yake: kuchambua, kufunga thamani, kutekeleza. Sentensi na thamani hazichanganywi kamwe. Ningependa kila anayeanza aione hatua hiyo kwa jicho la ndani kabla hajaandika ukurasa wake wa pili.

Lakini rafiki yetu wa Machochwe alikuwa na sentensi za SQL ndani ya kila ukurasa: wa kuingizia, wa ripoti, wa kutafuta, wa kusahihisha. Katika ukurasa wa kwanza aliirudia ritifaa mara mbili, na hilo SQL inalikubali. Katika mwingine aliifuta kabisa. Simu nazo zina yao: baadhi ya kibodi huandika ritifaa iliyopinda, ’, ambayo kwa kompyuta ni herufi tofauti na ile iliyonyooka, na hiyo hupita bila kuvunja chochote. Matokeo yake jedwali linaweza kuwa na Ring'wani, Ringwani na Ring’wani, kata tatu kwa macho ya kompyuta, ekari zimegawanyika humo. Anayesoma ripoti ataona kata moja yenye uharibifu mdogo kuliko ilivyo kweli. Hapo ndipo ushauri wa yule mtaalamu unapoingia: SQL yote itoke kwenye kurasa, ikae mahali pamoja.

Mahali hapo wengi wanapaita repozitori. Mimi napendekeza bohari. Neno tunalo tangu zamani, na toka Sheria ya Bunge ya mwaka 1993 iliyoanzisha Bohari ya Dawa kila Mtanzania analijua. Ghala lingeweza kufaa, ila kwangu ghala ni mahali pa kurundika mahindi. Bohari ina mtunzaji, ina leja, ina utaratibu wa kuomba na kupewa.

Chukua zahanati. Tabibu anakuandikia cheti: dawa ya mseto, dozi ya mtu mzima. Unakwenda dirishani, unatoa cheti, unapewa dawa. Hukuingia ndani. Hujui kama boksi lilikuwa rafu ya juu au ya chini, wala kama limefunguliwa leo. Mtu wa dirishani anajua. Anatoa kwanza zile zinazokaribia kuisha muda, anapunguza kwenye leja, anaona zimebaki chache na kuandika oda. Wiki ijayo wakibadilisha rafu zote, wakaleta kabati la chuma, wakahamisha leja kutoka daftari kwenda kompyuta, tabibu ataendelea kuandika cheti kilekile. Sasa fikiria dirisha halipo, kila mgonjwa anaingia stoo na kujichukulia. Mmoja anachukua boksi la nyuma, mwingine anasahau kuandika leja, wa tatu anajua rafu za zamani tu na anapapasa ukuta. Siku ya kuhamisha rafu itabidi uwafundishe wagonjwa wote upya. Kurasa zenye SQL ndani ni wagonjwa waliomo stoo. Cheti ni funksheni yenye jina la kazi: andika_uharibifu, orodha_ya_kata, jumla_ya_ekari. Ukurasa wa Flask unapokea fomu, unatoa cheti, unasubiri jibu, unalionyesha. Mtu wa dirishani ndiye anayeweka pengo kwenye sentensi, na ndiye anayenyoosha ritifaa zote ziwe za aina moja kabla jina halijaingia kwenye leja.

Angalia cheti kimeandikwa kwa lugha ya nani. Kimeandikwa kwa lugha ya tabibu. Hakitaji rafu. Vivyo hivyo orodha ya maombi ambayo bohari itayatimiza hutungwa na upande wa kazi yenyewe, kwa maneno ya mkulima na ofisa wa kata, na bohari ndiyo inayojipanga kuyatimiza. Anayeanza hudhani kwamba kanzidata ndiyo msingi na vingine vyote vimejengwa juu yake. Mpangilio huu unaugeuza mshale: kanzidata inakuwa mtumishi anayeweza kubadilishwa.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko karibu kuliko tunavyodhani. Takwimu za vitabu vya MTUHA, vile ambavyo wauguzi hujaza kwenye zahanati zetu, huishia kwenye mfumo wa takwimu za afya uitwao DHIS2. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Toleo la kwanza lilikaa juu ya Microsoft Access, kanzidata na skrini vikiwa vimeshikana. Toleo la pili liliandikwa upya kwa Java na kuanza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Kenya ililisambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kulijenga na kulilea hapa kwetu. Ni chuo hichohicho cha Oslo alikofundisha Trygve Reenskaug, aliyebuni mwaka 1979 wazo la kutenga data na kinachoonekana kwenye skrini.

Walioandika DHIS2 waliigawa tabaka tatu: bohari, huduma, na uso wa mtandao. Maombi yameandikwa kwenye folda moja, wanaoyatimiza wako kwenye folda nyingine. Faida yake ilionekana. Kwa miaka mingi mfumo uleule uliweza kukaa juu ya PostgreSQL au MySQL kwenye seva, na juu ya H2, kanzidata ndogo inayobebwa ndani ya programu, kwenye laptopu ya mtu asiye na seva. Uso nao ulibadilishwa: kurasa za awali zilizojengwa kwa Struts ziliachia nafasi API ya Spring na kurasa za React, na kazi ya kutunza takwimu haikulazimika kuandikwa upya kwa sababu hiyo.

Kwa rafiki yetu faida ya kwanza itaonekana kwenye majaribio. Aandike bohari ya pili isiyo na SQL kabisa, orodha tu ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, inayopokea vyeti vilevile. Kisha aandike majaribio: hifadhi tukio la Ring'wani, liombe, lirudi likiwa Ring'wani, hifadhi lenye ritifaa iliyopinda, jumla ya ekari iwe ya kata moja. Majaribio hayohayo ayapitishe kwenye bohari zote mbili. Ile ya kumbukumbu haitaanguka kwa sababu ya ritifaa, kwa kuwa haina SQL. Ile ya kweli itaanguka kama kuna sentensi iliyoungwa vibaya. Penye tofauti kati ya bohari mbili zilizoahidi jambo moja, ndipo penye kosa. Yote haya yanafanyika bila kivinjari, bila bando.

Bohari ina gharama: mafaili yanaongezeka, na kwa tovuti ya ukurasa mmoja huenda isihitajike. DHIS2 yenyewe matoleo yake ya karibuni yanataka PostgreSQL tu, na uchambuzi wake mzito unatumia SQL ya moja kwa moja.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Machochwe, usiongeze ukurasa mwingine kwanza. Fungua faili jipya, liite bohari, hamishia humo sentensi zote za SQL, kila moja na pengo lake. Kisha tafuta neno SELECT, la SQL, kwenye mafaili ya kurasa: lisionekane. Tafuta neno Flask kwenye faili la bohari: nalo lisionekane. Ukikwama, msimbo wa DHIS2 uko wazi kwa kila mtu kuusoma. Anza na folda ya dhis-api, ndiko maombi yaliko, kisha uende dhis-services uone yanavyotimizwa.