Wekundu wa Nyama katika Mizizi ya Kunde

Mwanafunzi akichimbua mche wa kunde uliokaribia kutoa maua, ataona juu ya mizizi yake vinundu vidogo, vingine vikiwa na ukubwa wa punje ya mtama. Akikipasua kimoja kwa wembe atakuta ndani yake rangi nyekundu, mfano wa nyama mbichi. Mfanano huo si wa bahati. Mwaka 1939 mwanasayansi wa Kijapani, Hideo Kubo, alionyesha kwamba rangi hiyo hutokana na protini iliyo ya jamii moja na himoglobini ya damu yetu. Protini hiyo huitwa leghimoglobini.

Mmea wahitaji nini na kitu kama damu? Katika vinundu hivyo huishi bakteria ambao huichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huharibiwa na oksijeni. Lakini bakteria wenyewe wanaihitaji oksijeni ili wapumue. Leghimoglobini huutatua mgogoro huo kwa kuishika oksijeni na kuitoa kidogo kidogo. Huweza kuishika kwa sababu ndani yake mna hemu, yaani kiungo kidogo chenye atomu moja ya chuma. Hemu hiyo hiyo imo katika mayoglobini ya misuli, nayo ndiyo iipayo nyama wekundu wake.

Jambo hili, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la wataalamu wa mimea, sasa limeingia jikoni. Vyakula vya soya na ngano vilivyoigizwa nyama vilikuwapo tangu zamani, ila mlaji hakudanganyika. Patrick Brown, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyeanzisha kampuni ya Impossible Foods mwaka 2011, alishikilia kwamba kilichokosekana ni hemu, kwa kuwa nyama inapopikwa hemu huchochea mabadiliko yanayoleta ile harufu tuijuayo. Kuchimbua mashamba ya soya kwa ajili ya vinundu kungekuwa hasara tupu. Basi jeni ya leghimoglobini ya soya ikapandikizwa katika chachu, na chachu ikakuzwa ndani ya matangi. Hambaga ya kwanza ya namna hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2016.

Njia ya pili huanzia kwa mnyama mwenyewe. Seli chache za misuli ya ng'ombe hulishwa sukari, asidi-amino na chumvi katika chombo kisicho na vijidudu, zikazaana. Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, alionyesha hambaga ya aina hii mjini London Agosti 2013. Iligharimu yapata euro 250,000. Na hapa pana kichekesho: nyama hiyo ya ng'ombe haikuwa na mayoglobini ya kutosha, ikabidi itiwe maji ya bitiruti ili iwe nyekundu! Mwaka 2020 Singapore iliruhusu kuku wa namna hii auzwe. Mwaka 2023 Italia ilipiga marufuku.

Nionavyo, swali gumu ni la malisho. Asidi-amino zinazopewa seli hizo sharti zitoke mahali, na aghalabu hutoka katika mimea. Ng'ombe pia hula mimea, lakini yeye hula majani ambayo tumbo letu haliyawezi, na katika nyika zisizofaa kulimwa hiyo si hoja ndogo. Kwa upande wa protini, sahani ya makande haina sababu ya kuona haya: mahindi yamepungukiwa lisini, nayo maharage yana lisini tele. Upungufu wa makande uko kwingine. Hayana vitamini B12, na chuma chake hufyonzwa kwa shida kuliko chuma cha hemu. Kwa msichana mwenye upungufu wa damu, tofauti hiyo ni kubwa.

Mwalimu atakayependa kuonyesha vinundu darasani achimbe kwa jembe, asing'oe, kwani vinundu hukatika na kubaki udongoni. Vilivyo vyeupe ndani bado ni vichanga au havifanyi kazi. Vya kijani vimekwisha kuzeeka.