Tangambili ya Aegean: lini upande boti kwenda visiwa vya Ugiriki

Asubuhi ya Agosti katika bandari ya Piraeus, kando ya Athene, anga ni buluu tupu, hakuna hata wingu la kuapia. Lami imeshaanza kuchoma nyayo. Meli za kwenda Paros, Naxos na Santorini zimefungwa kamba gatini, milango yao ya nyuma iko chini, lakini hakuna inayong'oa nanga. Abiria wamekalia masanduku yao, wengine wameshajipaka mafuta ya jua, wanaulizana kulikoni. Jibu ni neno moja la Kigiriki ambalo mkazi wa visiwani hulijua tangu utotoni: apagoreftiko, yaani marufuku. Mamlaka ya bandari imezuia safari kwa sababu ya upepo.

Hapo ndipo wageni wengi wanapojikwaa. Wamechagua msimu kwa kuangalia jua, na jua la Agosti Ugiriki kwa kweli halina dosari. Bahari ina hesabu yake. Mzee wa Lamu, Pemba au Kilwa hangeshangaa, maana kwao mwaka wa baharini hugawanywa kwa upepo: kaskazi, kisha kusi, na katikati kipindi cha maleleji ambacho wengine hukiita tangambili, pepo zikiwa bado hazijaamua zitokee wapi. Visiwa vya Mediteranea navyo vina kaskazi na kusi zao, ila zina majina mengine.

Katika Bahari ya Aegean, iliyo kati ya Ugiriki na Uturuki, mwenye mji wakati wa kiangazi ni meltemi. Ni upepo mkavu wa kaskazini ambao Wagiriki wa kale waliuita etesiai, maana yake pepo za kila mwaka. Huanza kujitokeza karibu na Juni, hushika kasi Julai na Agosti, kisha hulegea Septemba. Chanzo chake ni hewa kuwa na mgandamizo mkubwa juu ya nchi za Balkani na mgandamizo mdogo juu ya Uturuki, ambako nchi kavu imepata joto kali. Upepo hupita katikati ya migandamizo hiyo miwili, na kila unapokuta visiwa viwili vimekaribiana hubanwa na kuongeza mwendo, kama maji ya mfereji yanapofika penye wembamba.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba huo mgandamizo mdogo wa Uturuki ni mkia wa mgandamizo mdogo mwingine, ulioenea zaidi, juu ya Pakistan na kaskazini ya India. Ndio uleule unaovuta pepo za kusi kutoka pande zetu hadi Bara Hindi. Kwa hiyo miezi ambayo kusi inavuruga bahari ya Unguja, binamu yake yuko kazini Mykonos.

Huko Mykonos wenyeji wana namna yao ya kuupima upepo. Kuna upepo wa viti, unaosukuma viti vya mgahawani, na kuna upepo wa kengele, ambao nguvu yake hutosha kuliza kengele za kanisa. Vile vinu vyeupe vya upepo ambavyo kila mgeni hupiga navyo picha havikujengwa kwa ajili ya urembo. Vilikuwa vikisaga nafaka kwa nguvu ya upepo huohuo. Povu jeupe linalotokea juu ya mawimbi Wagiriki huliita provatakia, vikondoo. Vikondoo vichache ni burudani kwa mwenye tanga. Bahari nzima ikijaa kondoo, nahodha mwenye akili hubaki bandarini akinywa kahawa.

Saa tisa alasiri mwishoni mwa Julai, kwenye gati la Naxos, mambo huonekana wazi zaidi. Boti za matanga zimejipanga zikiwa zimeelekeza tezi gatini, nanga zao zimetupwa mbele, na kamba zinagonga milingoti ya alumini bila kupumzika, ng'a-ng'a-ng'a, hadi jioni. Mgahawani vitambaa vya karatasi vimebanwa mezani kwa vibanio vya chuma. Boti inayojaribu kuingia wakati huo husukumwa ubavu, na jirani zake husimama na maboya ya mpira mkononi, tayari kuizuia isiwagonge. Waliofika saa nne asubuhi wameshaoga na kulala. Meltemi mara nyingi hupanda mchana na kupungua usiku, ingawa ukikasirika unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo bila kulala.

Kwa kipimo cha Beaufort, ambacho ndicho kinachotumika baharini, upepo wa 6 huenda kilomita 39 hadi 49 kwa saa, na wa 8 huanzia kilomita 62. Meli kubwa za abiria kwa kawaida huzuiwa kutoka upepo ukifika 8 hivi. Boti ndogo za kasi huzuiwa mapema zaidi. Abiria mwenye tumbo jepesi atakuwa ameshajutia tiketi yake kabla ya hapo.

Hesabu hii ya miezi ni ya kale. Vegetius, mwandishi wa Kirumi aliyeandika habari za vita yapata miaka 1,600 iliyopita, alisema bahari ni salama kuanzia Mei 27 hadi Septemba 14. Kutoka hapo hadi Novemba 11 ni kubahatisha, na baada ya hapo bahari imefungwa hadi Machi 10. Msomaji wa Biblia ana mfano ulio karibu zaidi. Sura ya 27 ya Matendo ya Mitume inasimulia safari ya Paulo akiwa mfungwa, ndani ya meli ya Aleksandria iliyokuwa ikielekea Italia. Walipofika Bandari Nzuri, kisiwani Krete, siku za mfungo zilikuwa zimeshapita, maana yake ni Septemba imekwisha au Oktoba imeingia. Paulo alionya wasiendelee. Nahodha na mwenye meli hawakuipenda bandari ile, walitaka nyingine hukohuko Krete ya kukaa wakati wa baridi. Kaupepo kororo ka kusini kakawadanganya, wakang'oa nanga. Mara ukashuka upepo mkali wa kaskazini-mashariki kutoka kisiwani na kuwachukua. Usiku wa 14 walikuwa bado wanasukumwa huku na huku, na mwishowe meli ikavunjika Malta. Watu wote 276 walifika pwani wakiwa hai. Meli na shehena zilipotea kwa ajili ya umbali mfupi tu ambao, mwezi mmoja kabla, ungekuwa safari ya kawaida.

Meli za leo si za Paulo, na hakuna anayefunga bahari Novemba. Hata hivyo, kuanzia Novemba hadi Machi ratiba za boti hupungua, hoteli nyingi za visiwa vidogo hufungwa, na mgeni anaweza kujikuta yeye na paka tu gatini. Ni kweli kwamba katikati ya baridi, hasa Januari, huja siku chache za utulivu na jua ambazo Wagiriki huziita siku za Alkioni, kwa jina la ndege wa hadithi zao. Ni siku tamu, lakini hakuna ajuaye zitaangukia tarehe ngapi, na tiketi ya ndege hainunuliwi kwa kubahatisha.

Tukirudi kiangazi, upepo una mwenzake: watu. Agosti 15 ni sikukuu ya Bikira Maria, na Wagiriki wenyewe huihama Athene kwenda visiwani. Kisiwa cha Tinos, chenye kanisa mashuhuri la hija, hufurika waumini, baadhi yao wakipanda kutoka bandarini hadi kanisani kwa magoti. Wiki hiyo kupata nafasi kwenye boti bila kuikata mapema ni kama kutafuta kiti kwenye basi la Moshi siku mbili kabla ya Krismasi. Santorini, yenye wakazi wapatao 15,000, imelazimika kuweka kikomo cha abiria 8,000 kwa siku wanaoshuka kutoka meli kubwa za kitalii. Tangu 2025 serikali ya Ugiriki imeupa kila msimu bei yake: abiria wa meli hizo anayeshuka Santorini au Mykonos hutozwa euro 20 kati ya Juni na Septemba, euro 12 Aprili, Mei na Oktoba, na euro 4 miezi ya baridi. Ushuru huo haumhusu anayepanda meli ya kawaida kutoka Piraeus, lakini unaonyesha msongamano uko wapi.

Basi kwa visiwa vya Cyclades, yaani Mykonos, Paros, Naxos, Santorini na ndugu zao, safari njema ni ya tangambili. Ziko mbili. Ya kwanza ni kutoka katikati ya Mei hadi katikati ya Juni, meltemi haujaamka sawasawa, vilima bado vina majani na maua, na mchana ni mrefu ajabu kwa mtu aliyezoea jua la ikweta. Kiangazi saa ya Ugiriki ni sawasawa na ya Nairobi na Dar es Salaam, lakini mwezi Juni jua la Athene huzama karibu saa tatu kasoro usiku. Ya pili ni kuanzia katikati ya Septemba hadi siku za mwanzo za Oktoba.

Kati ya hizo mbili, kwa msafiri kutoka Afrika Mashariki, Septemba inashinda. Sababu ni maji. Bahari hupata joto polepole na kupoa polepole, kama mtungi uliozikwa mchangani. Mwezi Mei maji ya Aegean huwa nyuzi 18 au 19 tu, na mtu aliyelelewa kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 29 ya pwani yetu akijitosa atatoka kwa kelele. Septemba maji hubaki nyuzi 23 au 24, shule za Ulaya zimefunguliwa, na meza za kando ya gati zinapatikana bila kusubiri.

Septemba nayo si malaika. Joto lilelile la maji linalompendeza muogeleaji ndilo kuni za dhoruba za vuli, hewa baridi inaposhuka kutoka kaskazini na kukutana nalo. Septemba 2020 dhoruba iliyopewa jina Ianos ilivipiga visiwa vya Kefalonia, Ithaca na Zakynthos. Septemba 2023 ilikuja Daniel: iliizamisha mikoa ya kati ya Ugiriki kwa mafuriko, kisha ikavuka hadi Libya, ambako mabwawa mawili yalipasuka juu ya mji wa Derna na maelfu ya watu wakapoteza maisha. Dhoruba za ukubwa huo ni za nadra, na hutabiriwa siku kadhaa kabla. Wala Agosti haina kinga: alfajiri ya Agosti 19, 2024, boti ya kifahari Bayesian, yenye urefu wa mita 56, ilizama ikiwa imetia nanga karibu na Porticello, Sisilia, na watu 7 kati ya 22 waliokuwamo wakafa. Utabiri husomwa kila asubuhi, hata kama jana ulisema shwari.

Wapo wasio na hiari ya mwezi. Mwalimu ana likizo yake, na mwenye watoto hufuata kalenda ya shule. Hao wasilazimishe Cyclades mwezi Agosti. Upande wa magharibi wa Ugiriki kuna visiwa vya Ionia, Corfu, Lefkada, Kefalonia, ambako meltemi haufiki. Huko mchana huja upepo wa kaskazini-magharibi uitwao maistro, na jioni huzima kama taa. Au wabaki kwenye visiwa vya Saronic, karibu na Athene, ambako bara linawakinga. Aegina iko mwendo wa dakika kama 40 kwa boti ya kasi kutoka Piraeus. Hydra iko mbali kidogo, na haina magari ya abiria. Mizigo hubebwa na punda na nyumbu kwenye vichochoro vya mawe. Mtu wa Lamu akifika pale atauliza tu msikiti uko wapi.

Nje ya Ugiriki kila kona ina upepo wake wa kuuliziwa: mistral ukitokea Ufaransa kwenda Corsica na Sardinia, bora ukiangukia pwani ya Kroatia, siroko ukileta vumbi la Sahara. Swali la kumwuliza wakala wa safari ni lilelile, mwezi huo huvuma upepo gani, na si lile la joto ni nyuzi ngapi.

Yamebaki ya karatasi. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90. Anayelenga Septemba aanze kutafuta miadi Machi au Aprili, kabla foleni ya kiangazi haijajaa. Viza ikiwa ya kuingia mara moja, asishawishike na boti ya bei nafuu kutoka Kos kwenda Bodrum kula chakula cha mchana: Bodrum ni Uturuki, na kurudi Kos ni kuingia Schengen mara ya pili. Tena, ndege ya kurudi nyumbani isipangwe siku ileile ya kutoka kisiwani. Usiku wa mwisho alale Athene.